Majani Kabla ya Unga

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye kuteremsha mvua na Mwenye kuizuia kwa hekima yake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyechunga mbuzi kabla ya kupewa utume, na ziwafikie jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Darsa yetu ya mwezi huu tumeiweka juu ya jambo ambalo wengi wetu hudhani si la darsani, bali ni la serikali na mashirika ya misaada. Jambo lenyewe ni hali ya ndugu zetu wafugaji wa nchi kavu, tangu Tana River na Garissa hata Wajir, Mandera, Isiolo na Marsabit, na njaa inayowarudia kila ukame unapoingia. Wengi katika watu hawa ni Waislamu wenzetu, na wasiokuwa Waislamu wana juu yetu haki ya jirani. Nyama tulayo mijini, na mbuzi tuwachinjao siku ya Idi, wengi wao wamelelewa na mikono ya watu hao. Basi ni aibu kwetu kuijua ladha ya nyama yao na tusiijue khabari yao.

Twataka kuanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Katika Ramadhani ya mwaka 1443, iliyoangukia Aprili 2022, tulitangaza baada ya tarawehe kwamba ndugu zetu wa bara kavu wanakufa njaa. Watu wa mji, Mwenyezi Mungu awalipe kheri, walitoa unga, mchele, maharagwe, mafuta na tende hata lori likajaa. Tulipita Garsen, tukapita Hola, kisha tukaiacha barabara kuu na kuingia katika kijiji kimoja cha Waorma. Kando ya njia mizoga ya ng'ombe ilikuwa imelala, mingine imekauka ikabaki ngozi na mifupa. Tulipokwisha kugawa, mzee mmoja alitushukuru, akatuombea dua ndefu, kisha akatuuliza kwa upole:

"Wanangu, khabari zetu ziliwafikia lini?"

Tukamjibu, "Mzee wetu, tulisikia tangu ukame ulipotangazwa kuwa janga la taifa, mwezi wa Septemba mwaka jana."

Akanyamaza kidogo, akasema, "Septemba nilikuwa na ng'ombe arobaini. Lau mngaliniletea majani wakati ule, leo ningaliwakaribisha kwa maziwa."

Hatukuwa na jawabu. Unga wetu ulikuwa halali, na nia zetu, twataraji, zilikuwa njema. Lakini tulikuwa tumemngoja mtu mwenye mali awe fakiri ndipo tumpe sadaka. Tangu siku ile neno la mzee huyu limekuwa likitusumbua, na darsa hii ndiyo jawabu tuliyochelewa kumpa.

Ukame si njaa

La kwanza linalotupasa kulifahamu ni kwamba ukame ni kitu kimoja na njaa ni kitu kingine. Ukame ni kukatika kwa mvua, na hilo haliko mikononi mwetu. Njaa huja nyuma yake kwa hatua, na katika kila hatua pana mlango ambao mwanadamu anaweza kuufunga.

Mvua ikikosekana, majani yaliyo karibu na maji ndiyo yanayokwisha kwanza. Hapo mifugo hulazimika kwenda mbali kutafuta malisho na kurudi mbali kutafuta maji, na kila siku nguvu zake hupungua. Kisha maziwa hukatika. Na maziwa ndiyo chakula cha mtoto wa mfugaji, kwa hiyo mtoto huanza kudhoofika hata kabla ya ng'ombe wa kwanza kufa. Baadaye kila mtu hutaka kuuza, na mnyama mwembamba hana thamani sokoni. Wakati huo huo mahindi hupanda bei. Mbuzi aliyekuwa akinunua chakula cha nyumba kwa siku nyingi sasa hanunui cha siku chache. Mwisho mifugo hufa: ng'ombe na kondoo hutangulia, mbuzi hufuata, na ngamia huwa wa mwisho. Na hata mvua inaporudi, manyunyu ya kwanza yenye baridi huwaua wengi waliosalia, kwa kuwa hawana tena nguvu ya kuyastahimili.

Aliyefika mwisho wa njia hii hawezi kurudi upesi. Mbuzi huchukua mimba kwa miezi 5, ng'ombe kwa miezi 9, na ngamia kwa miezi 13. Mtu aliyepoteza ngamia wake katika msimu mmoja hungoja miaka mingi mpaka kundi lirudi, na huenda ukame wa pili ukamkuta hajasimama.

Basi tazama, ndugu msomaji, sisi tulikuja katika hatua gani. Tulikuja katika hatua ya mwisho.

Khabari hutangulia

Huenda mtu akasema: "Ghaibu aijua Mungu peke yake, sisi tungalijuaje?" Ni kweli kwamba ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu. Lakini baharia anayetazama mawingu na upepo kabla ya kutweka tanga hadai kujua ghaibu. Yeye asoma dalili alizoziweka Mola wake. Na dalili za ukame leo zasomwa miezi kadhaa kabla.

Wataalamu wamekwisha kujua kwamba mvua za vuli za Afrika ya Mashariki, yaani za Oktoba hadi Disemba, zafungamana na joto la bahari. Maji ya Bahari ya Pasifiki ya kati na ya mashariki yakipoa kuliko kawaida, hali iitwayo La Niña, mara nyingi vuli yetu hukauka. Na tofauti ya joto baina ya upande wa magharibi na upande wa mashariki wa Bahari yetu ya Hindi nayo ina athari yake. La Niña ilirudi miaka mitatu mfululizo kuanzia mwaka 2020. Kutoka Oktoba 2020 hata Disemba 2022 misimu mitano ya mvua ilipungua mmoja baada ya mwingine, jambo ambalo halikuonekana kwa muda wa miaka 40. Katika Kenya mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikufa, na kufikia mwisho wa mwaka 2022 watu wapatao milioni 4.4 katika nchi kavu walikuwa hawana chakula cha kutosha.

Mwaka 2023 jamii ya wataalamu wa hali ya hewa waliuchunguza ukame huo, wakaona kwamba joto lililoongezeka duniani kwa moshi wa mafuta na makaa ya mawe limeufanya uwezekano wa ukame wa namna ile kuzidi mara 100 au zaidi. Sababu kubwa ni kwamba hewa iliyo moto zaidi hunyonya unyevu wa ardhi na wa majani kwa nguvu zaidi. Hata mvua ile ile ya zamani leo haikai ardhini kama ilivyokaa. Na Afrika yote, kwa moshi wake, haifikii sehemu 4 katika 100 za moshi wa dunia. Mchungaji wa Wajir hakulitenda kosa hili, lakini yeye ndiye alipaye.

Na khabari kutangulia si kitu kipya. Katika Somalia maonyo ya njaa yalianza kutolewa mwaka 2010. Njaa ikatangazwa rasmi tarehe 20 Julai 2011. Wataalamu waliohesabu baadaye walikisia kwamba baina ya Oktoba 2010 na Aprili 2012 walikufa watu karibu 260,000, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuzikwa siku ulimwengu ulipolitamka neno "njaa". Khabari ilikuwapo, kilichokosekana ni mtu wa kuifanyia kazi.

Kutegemea si kukaa

Hapa pana shubuha inayopaswa kuondolewa. Wako miongoni mwetu wasemao kwamba ukame ni kadari, na kujitayarisha nao ni upungufu wa kutegemea. Wengine, wanapoona shida, hukimbilia kumzungusha ng'ombe mjini na kumchinja, wakadhani kwamba balaa imeondoka pamoja naye. Rai zote mbili hizi ziko mbali na mafundisho ya dini.

Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na bwana mmoja kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mungu, alimwamrisha amfunge kisha ategemee. Na Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata khabari ya tauni, akaazimu kurudi na watu wake. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza je, waikimbia kadari ya Mungu? Umar akamjibu kwamba ndiyo, waikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Kisha akampigia mfano, na mfano wenyewe aliutoa kwa wafugaji: mtu ameshuka na ngamia wake katika bonde lenye kando mbili, moja ina majani na nyingine ni kavu, akiwalisha penye majani amewalisha kwa kadari ya Mungu, na akiwaacha penye ukavu ni kwa kadari ya Mungu pia. Ni nani mwenye akili atakayewapeleka penye ukavu na kusema ametegemea?

Sala ya kuomba mvua ni sunna iliyothibiti, nasi twahimiza isaliwe. Lakini aliyesali kuomba mvua akawa na majani ghalani kwake, na aliyesali akawa hana, wote wawili wameomba. Wa kwanza ameomba na amefunga ngamia wake.

Ghala ya Nabii Yusuf

Kila mtu wetu akijua kisa cha Nabii Yusuf (A.S.), na wengi twaihifadhi sura yake. Lakini twakisoma zaidi kwa sababu ya kisima, kanzu na subira, na twapita upesi pale penye ilimu ya kuongoza mambo ya watu.

Mfalme aliota ndoto, na alichotaka ni tafsiri. Nabii Yusuf hakuishia kumwambia kwamba itakuja miaka 7 ya neema na miaka 7 ya shida. Alitoa tafsiri na matayarisho kwa pamoja: walime kwa bidii, wale kidogo, na watakachovuna wakiache katika masuke yake. Kisha alipoomba kuwekwa juu ya hazina za nchi, alizitaja sifa mbili za kumfaa mtu kwa kazi hiyo, nazo ni uaminifu wa kuhifadhi na ujuzi. Asiyekuwa mwaminifu huila ghala. Na asiyejua huiozesha.

Liko jambo jingine ambalo twaona halisemwi sana. Ndugu zake waliokuja kutafuta chakula walitoka wapi? Qur'ani yaeleza mwishoni mwa kisa kwamba Mwenyezi Mungu aliwatoa katika badu, yaani katika nchi ya jangwa. Kwa hiyo ghala iliyowekwa katika nchi ya kilimo, na mtu aliyekuwa mjini penye madaraka, ndiyo iliyowaokoa watu wa nchi kavu, kila mmoja akipimiwa shehena ya ngamia. Sisi watu wa miji ya pwani, wenye bandari, maduka na ghala, tuko mahali pa nani katika kisa hiki? Na badu yetu iko safari ya siku moja kutoka milangoni mwetu.

Neno la Sayyidna Umar

Mwaka wa 18 wa Hijra, kiasi cha mwaka 639, Hijazi iliingiwa na ukame mkubwa hata mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Majivu, kwa kuwa ardhi iligeuka rangi na upepo ukapeperusha vumbi kama jivu. Mabedui wakamiminika Madina. Sayyidna Umar aliwaandikia magavana wake walete chakula, akasimamia ugawaji mwenyewe, na akajizuilia samli na nyama mpaka watu wapate. Wapokezi wa khabari wasimulia kwamba aliakhirisha kukusanya zaka ya mifugo mwaka ule, na mvua iliponyesha aliwapa mabedui masurufu na wanyama wa kuwabeba, akawarudisha makwao. Hakuwafanya waombaji wa daima katika vichochoro vya Madina.

Ama linalotufunza zaidi ni kauli yake juu ya hima. Hima ni malisho yaliyohifadhiwa kwa maslaha ya watu wote, Mtume (S.A.W.) aliihifadhi Naqi', na Umar akaongeza nyingine. Bukhari amepokea kwamba Umar alimuusia msimamizi wa hima, mtu aitwaye Hunayy, awaruhusu kuingia wenye ngamia wachache na mbuzi wachache, na awazuie mifugo ya Abdurrahman bin Awf na Uthman bin Affan. Akaeleza sababu: matajiri hawa mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia, lakini yule mnyonge mifugo yake ikifa atamjia na watoto wake akimlilia, naye hawezi kumwacha. Kwa hiyo, akasema Umar, kuwapa maji na majani leo ni rahisi kwake kuliko kuwapa dhahabu na fedha kesho.

Ndugu zetu, tulipolisoma neno hili baada ya safari yetu tulitahayari. Maneno ya mzee wa Kiorma na maneno ya Amiri wa Waumini, baina yao miaka karibu 1,400, yalikuwa ni maneno mamoja.

Wafugaji wana ilimu yao

Tusidhani kwamba twaenda kuwafundisha watu wasiojua. Twasikia mjini watu wakisema kwamba mfugaji huzurura ovyo na kupenda wingi wa wanyama bila akili. Hayo ni maneno ya asiyejua. Mvua ya nchi kavu hunyesha kwa vipande: hapa yanyesha, mwendo wa siku moja kutoka hapa hainyeshi. Mtu akikaa mahali pamoja katika nchi kama hiyo atakufa na wanyama wake. Kwa hiyo kuhama ni maarifa. Vile vile mwenye kuchanganya ngamia, ng'ombe na mbuzi hufanya kama mfanyabiashara asiyetia mali yake yote katika jahazi moja.

Waborana wa Isiolo hugawanya nchi yao katika maeneo ya malisho yaitwayo dheedha, kila moja likiwa na wazee wake. Wazee hupanga malisho ya wakati wa mvua, malisho ya kiangazi, na malisho ya akiba yasiyoguswa mpaka ukame uingie. Hiyo ndiyo hima yenyewe, ila jina ni tofauti. Wana pia desturi iitwayo busa gonofa, ambayo mtu aliyepotewa na mifugo yake huchangiwa wanyama na ukoo wake ili asimame tena. Haya ni katika kusaidiana kwa wema, na yafaa tuyape nguvu.

Kwa sababu hii hii yatupasa kuwa na hadhari na sadaka ya visima. Watu wa pwani twapenda mno kuchimba kisima, na ni kheri kubwa. Lakini kisima kikichimbwa katika malisho ya akiba bila ya shauri la wazee, watu huhamia hapo mwaka mzima, majani huliwa yakaisha, na ukame unapokuja pana maji lakini hapana cha kulisha. Ng'ombe amesimama juu ya maji akifa kwa njaa. Basi asichimbe mtu mpaka awaulize wenyewe, na wala lisiwe kubwa kwake bamba lenye jina lake kuliko maslaha ya kisima.

Mas'ala ya zaka

Ndugu wengi wametuuliza: je, yafaa zaka kutolewa kabla ya wakati wake ili iwahi? Jawabu ni kwamba yafaa. Abbas (R.A.), ami yake Mtume (S.A.W.), alimwomba ruhusa kuitanguliza zaka yake, naye akamruhusu. Na katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i yajuzu mwenye nisabu kutanguliza zaka ya mwaka mmoja. Basi aliyezoea kutoa katika Ramadhani, na akaona dalili za ukame miezi kabla yake, ana njia ya halali ya kuwahi.

Wengine wameuliza juu ya kuihamisha zaka kutoka mji hadi mji. Hapa wanavyuoni wamekhitilafiana. Kauli mashuhuri katika madhehebu yetu ni kwamba isihamishwe maadamu wapo wanaostahiki pale ilipopasa. Na wako wanavyuoni wengine walioruhusu kwa haja iliyo kubwa zaidi. Anayetaka kujitoa katika khitilafu na atoe zaka yake kwa maskini wa mji wake, nao wapo tele, na kwa wafugaji atoe sadaka na wakfu, ambazo hazina mpaka wa mji. Na matajiri wa wafugaji wenyewe wakumbushwe zaka ya mifugo, mbuzi mmoja katika ngamia 5 na mmoja katika mbuzi 40, igawiwe pale pale.

La tatu: apewe kiasi gani? Imam Nawawi ameeleza kwamba fakiri mwenye kazi yake hupewa cha kununulia ala za kazi hiyo, na mfanyabiashara hupewa rasilimali ya kumwezesha. Ala za mfugaji ni mifugo. Kumpa mjane wa Kiorma mbuzi wa maziwa watano kwaweza kumtoa katika ufakiri. Kumpa gunia la unga kwamtoa katika njaa ya wiki chache. Vyote ni vyema mahali pake, lakini tusikifanye cha pili ndicho peke yake tukijuacho.

Yaliyo juu yetu

Baada ya kushauriana, halaka yetu imeazimia mambo haya, nasi twayaweka mbele ya ndugu wa miji mingine ya pwani wayatazame:

Kwanza, kusoma dalili. Mamlaka ya Taifa ya Kusimamia Ukame, NDMA, iliyoundwa mwaka 2011, hutoa taarifa kila mwezi kwa kila kaunti katika kaunti 23 za nchi kavu, ikieleza hali ya mvua, majani, maziwa na bei za sokoni. Hali hupangwa kwa daraja: kawaida, tahadhari, hatari, dharura, kisha kupata nafuu. Taarifa hizi zitasomwa darsani kila mwezi, kama tusomavyo khabari za mwandamo.

Pili, kuwa na sanduku la wafugaji, lijazwe katika miaka ya mvua. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2023 zilileta mafuriko na huzuni nyingi, lakini pia ziliotesha majani tele baada ya miaka ya ukavu. Huo ndio mwaka wa neema wa Nabii Yusuf; ndio wakati wa kukata, kukausha na kuweka.

Tatu, sanduku lifunguliwe katika daraja ya tahadhari, si ya dharura. Likifunguliwa, linunue majani makavu, chumvi, chanjo na dawa za mifugo, na mafuta ya mashine za visima, kwa shauri la wazee wa mahali. Kando ya mto Tana na mto Daua wako wakulima wapandao majani ya mifugo. Kuyanunua kwao ni riziki kwa pande mbili.

Nne, wafanyabiashara wetu wa nyama wanunue mapema, mnyama angali ana nyama na bei. Mwaka 2006, katika eneo la Moyale upande wa Ethiopia, wafanyabiashara walinunua ng'ombe wapatao 20,000 ukame ulipokuwa umeingia. Wenye ng'ombe walizitumia fedha zile kununua chakula, kuwatunza wanyama waliobaki na kuwasaidia jamaa zao. Ile ilikuwa biashara, si sadaka. Lakini biashara yenye nia njema ina thawabu. Hata mbuzi wetu wa Idi twaweza kuwalipia miezi kabla.

Tano, kuisaidia takaful ya mifugo. Mwaka 2010 ilianza Marsabit bima inayopima kwa setilaiti rangi ya kijani ya malisho, na mwaka 2013 ikapelekwa Wajir kwa njia ya takaful, iepukane na riba na gharari. Malisho yakikauka kupita kiasi kilichowekwa, mwanachama hulipwa bila kungoja kuhesabu mizoga. Ina upungufu wake, kwani chombo cha angani huona kijani na hakijui kama kijani hicho kinalika. Lakini asili yake ni kusaidiana, na mwenye uwezo aweza kumlipia mchango asiyeweza.

Sita, wakfu. Sayyidna Uthman (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma akakifanya wakfu kwa Waislamu. Babu zetu wa pwani waliweka wakfu minazi na nyumba kwa ajili ya misikiti. Ni nani atakayeweka wakfu duka moja, kodi yake inunue majani kila mwaka?

Na unga je? Unga usiachwe. Penye mtoto mwenye njaa leo, hatumwambii angoje ghala ya kesho. Ila twasema, kila mwaka ambao lori letu ni la unga peke yake, na tujihesabu kwamba tumechelewa.

Mwisho twarudi kwa mzee wetu. Tulipoagana naye alitusindikiza hata kwenye lori, akitutegemeza kwa fimbo yake ya kuchungia, na zizi nyuma yake lilikuwa tupu. Hakutulaumu. Lakini twachelea siku ambayo tutaulizwa juu ya khabari iliyotufikia Septemba tukaifanyia kazi Aprili. Twamwomba Mwenyezi Mungu aturuzuku mvua yenye manufaa isiyo ya madhara, atusamehe tulivyochelewa, na atujaalie ukame ujao utukute sisi tumetangulia. Amin.